Mguu wa Mwalimu Breki

Kama kuna mtu aliyezaliwa na mguu wa kulia wenye kiherehere, basi ni Mwalimu Breki. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanafunzi wake wa udereva, kwa sababu ndani ya gari la kujifunzia, lile lenye pedali za ziada upande wa mwalimu, yeye alikuwa hakawii kukanyaga. Kuku akivuka, breki. Mzee akikohoa kando ya barabara, breki. Mwanafunzi akifikiria tu kuongeza mwendo, breki. Mguu ule ulizoea kazi mpaka ukasahau kupumzika. Sebuleni kwake, televisheni ikionyesha magari yanafukuzana, mguu unakanyaga zulia, na zulia lilishatoboka pale mbele ya kiti chake. Kitandani ndiyo usiseme. Mume akiota barabara, muundi wa mke ndio unaopigwa breki.

Mwenyewe aliona fahari. Wanafunzi wapya aliwaambia kwamba mguu wake una akili kuliko vichwa vyao vyote vikijumlishwa. Alikuwa na maneno, Mwalimu Breki. Mungu alimnyima urefu akamfidia kwa mdomo. Ndiyo maana chama cha walimu wa udereva kilipohitaji msemaji hakikutafuta mbali.

Msemaji wa nini? Kulikuwa na muswada wa sheria mpya ya kuwabana madereva walevi. Kiwango cha pombe kinachoruhusiwa kishushwe, faini ipandishwe, leseni zinyang'anywe. Kwa hayo walimu hawakuwa na neno. Madereva wengine wabanwe tu, tena wabanwe sawasawa. Kilichowauma ni kifungu kimoja kilichochomekwa mwishoni, kwamba mwalimu wa udereva akiwa kazini asiwe na hata tone la kilevi, na trafiki awe na ruhusa ya kumpima sawa na mwenye usukani. Walimu wakapandwa na mori. Kwani mwalimu anaendesha? Mwalimu amekaa. Mtu aliyekaa anapimwa nini? Kesho si watampima na mtoto mchanga aliyepakatwa kiti cha nyuma?

Hoja ya mtoto mchanga ilikuwa yake Mwalimu Breki, na aliipenda kupita kiasi. Alishaijaribu mbele ya kioo cha kabati, mara akiisema kwa uchungu, mara kwa dharau, akaona inapendeza kote kote. Kamati ya bunge ingekuja ukumbi wa mji kukusanya maoni ya wananchi, na siku hiyo yeye ndiye angesimama.

Siku chache kabla ya kikao hicho chama kikafanya mkutano wa matayarisho, mchana, kwenye baa iliyo nyuma ya uwanja wa mazoezi. Usiulize kwa nini mkutano wa kupinga sheria ya pombe ulifanyikia baa. Wenyewe hawakujiuliza. Mwalimu Breki akasoma hotuba yake, wenzake wakagonga meza, chupa zikaja. Mbili alinunua mwenyewe. Alizonunuliwa hakuhesabu, kwani aliona kuhesabu vya kupewa ni ukosefu wa adabu. Alikuwa na mwanafunzi alasiri ile, hilo alilikumbuka vizuri, na mwenzake mmoja akamuuliza kama isingekuwa afadhali amwahirishe.

"Mimi siendeshi," akasema. "Mimi naendeshwa."

Meza nzima ikaangua kicheko, na yeye akaona hiyo nayo aitie kwenye hotuba.

Mwanafunzi mwenyewe alikuwa mkunga wa zahanati ya pembezoni mwa mji, mama wa makamo, mpole, ambaye mikono yake ndiyo iliyowapokea nusu ya watoto wa mtaa ule, wakiwemo wa Mwalimu Breki. Zahanati ilikuwa imepata gari ila haikupata dereva. Gari jeupe limekaa chini ya kibanda linakula vumbi, na huku mama mwenye uchungu anabebwa kwenye mkokoteni, au anasubiri jirani mwenye huruma na mafuta. Mganga mkuu akamwambia mkunga ajifunze. Akipata leseni, gari ni lake yeye na wajawazito wake. Akajiandikisha. Alikuwa mwanafunzi wa kumtia mwalimu uvivu. Anasikia, anafuata, anaangalia vioo bila kukumbushwa. Jaribio lake la mwisho mbele ya trafiki lilikuwa limekaribia, na kila aliyemwona barabarani alisema leseni ile tayari iko mfukoni.

Mwalimu Breki akaingia garini na miwani myeusi usoni na peremende tele mdomoni. Mkunga akamtazama, akauliza kwa upole kama mwalimu yuko sawa. Mwalimu akajibu kwamba yuko sawa kuliko gari lenyewe. Mkunga akafungua mdomo kama mtu anayetaka kuongeza neno, kisha akaufunga, akafunga na mkanda, akawasha.

Wakatoka vizuri. Wakapita shule, wakapita gereji, wakauzunguka mzunguko mkubwa bila kupigiwa honi hata na mtu mmoja. Jua lilikuwa kali, kiti laini, injini inanguruma taratibu, na bia nazo zina tabia yake, zikishatulia tumboni humtaka na mwenye tumbo atulie. Mwalimu Breki akaanza kusinzia. Akajiambia anapumzisha macho tu. Masikio yapo kazini, mguu uko juu ya pedali, na mguu una akili.

Ulikuwa mfuko wa plastiki. Mfuko mweupe, mtupu, uliopeperushwa na upepo kutoka kando ya barabara ukavuka mbele ya gari kwa raha zake. Mkunga aliuona, akajua ni mfuko, akaendelea na safari. Mwalimu Breki akafumbua macho, na alichokiona yeye kilikuwa mtoto aliyevaa shati jeupe. Mguu wenye akili ukakanyaga, tena kwa nguvu zake zote.

Gari likasimama pale pale. Nyuma yao kulikuwa na pikapu ya fundi seremala iliyopakia vitanda. Seremala naye akafunga breki, lakini vitanda havina breki. Pikapu ikajichomeka kwenye buti la gari la kujifunzia, kitanda kimoja kikaruka juu ya paa kikatua mbele yao katikati ya barabara, kimesimama kwa miguu yake yote minne, utafikiri kimeletwa kwa mteja. Mwalimu Breki hakupata hata mkwaruzo. Walevi bwana, sijui huwa wanalindwa na nani. Alikuwa bado anakishangaa kitanda aliposikia mlio mdogo pembeni yake. Akageuka. Mkunga alikuwa ameushikilia mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, na kifundo cha mkono kilikuwa kimeelekea upande ambao kifundo cha mtu hakielekei.

Sajini wa trafiki alifika kwa pikipiki, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi. Akatoa kipimo cha pombe. Akampima mkunga, ambaye alikuwa amekalishwa ukingoni mwa barabara, na kipimo kikasema safi. Akampima seremala, safi. Mwalimu Breki alikuwa amejisogeza mbali kidogo, amejipanga upande ambao upepo hauelekei kwa afande, anatafuna peremende kwa bidii, na hoja ya mtoto mchanga ameiweka tayari kwenye ncha ya ulimi. Haikuhitajika. Sajini alimtazama, akakirudisha kipimo kwenye mkoba.

Akamuuliza mkunga kwa nini alisimama ghafla kwenye barabara nyeupe. Mkunga akasema hajui. Alidhani mguu wake ulikuwa kwenye mafuta, lakini breki ndiyo iliyozama, kwa hiyo labda aliteleza, labda alichanganya. Maumivu yalikuwa yanamkata maneno. Ukiwa mwanafunzi, kosa likitokea ndani ya gari unalipokea tu, hata hujalikagua ni la nani. Sajini akamgeukia mwalimu.

Na Mwalimu Breki, kwa sauti yake ile ile ya darasani, akasema, "Hutokea, afande. Ndivyo walivyo wanafunzi."

Sajini akaandika.

Mkunga akapelekwa hospitali, mkono ukatiwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Ruhusa yake ya kujifunza ikasimamishwa, na akatakiwa aende kujibu shtaka la kuendesha kwa hatari. Mganga mkuu, bila ubaya wowote, akasema gari la zahanati litatafutiwa dereva bajeti ikipatikana, na hakuna aliyewahi kuiona bajeti hiyo ikipatikana. Gari likarudi kula vumbi. Mwalimu Breki kwa upande wake alishikilia kwamba hakusema uongo. Kwani si hutokea wanafunzi wakakanyaga breki? Hutokea. Na yeye alisema hutokea. Alijiambia hivyo akinyoa ndevu, akajiambia tena akinywa chai, mpaka utetezi wenyewe ukaanza kumkera.

Mkewe ndiye aliyemkokota waende kumjulia hali mgonjwa. Wakabeba matunda. Mkunga aliwapokea mlangoni, akawakaribisha kwenye sebule yake ndogo iliyopangwa vizuri, akakataa kusaidiwa, akawamiminia chai kwa mkono mmoja huku ule wa plasta ameuegemeza kwenye mto. Daktari, alisema, anahofia kifundo hakitageuka tena kama zamani. Na kazi yake inataka mkono unaogeuka, kwa sababu kuna mtoto anayekuja amelala mkingamo, na kumgeuza kunataka mikono miwili. Alieleza hayo kwa utulivu, kama anayezungumzia mkono wa mgonjwa mwingine. Kisha akamgeukia Mwalimu Breki.

"Mwalimu, nimekuharibia gari. Nisamehe. Sijui mguu wangu ulipatwa na nini siku ile."

Akaongeza kwamba kila akikaa anautazama mguu huo, anaujaribisha hapo sakafuni, huku na huku, ili aone unakosea wapi. Na kwamba udereva basi tena. Mtu mwenye mguu wa namna hiyo hafai kupakia mama mjamzito.

Mwalimu Breki, msemaji wa chama, akatafuta la kusema akapata neno moja. Akasema pole. Likatoka jembamba hata mwenyewe akalionea haya.

Walirudi nyumbani kwa miguu, kwa vile gari lilikuwa gereji.  Walipofika karibu na nyumba mkewe akasimama.

"Mguu wake?" akauliza.

Mume akajifanya hakusikia.

"Baba watoto, mimi tangu tuoane napigwa breki kitandani. Muundi wangu una alama. Hebu niambie tena, ni mguu wa nani?"

Akajaribu. Alianza na ule mfuko, akapitia kwenye jua, akaegemea ubovu wa barabara. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza alikuwa amekunywa ngapi. Akasema mbili. Mke akaendelea kumtazama. Akasema mbili za kununua. Mkewe hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtia hofu. Alisema tu kwamba mkono ule uliomo kwenye plasta ndio uliomtoa binti yao akiwa na kitovu shingoni, kisha mwenyewe akaingia ndani. Jioni hiyo Mwalimu Breki aliandaliwa chakula kwa heshima zote, sahani na kitambaa cha mikono, kama mgeni wa kupita.

Kesho yake akaenda kituo cha polisi. Alikwenda kwa kishindo, maana hata kwenye aibu hakuacha makuu yake. Alivaa sweta, kwa kuwa alishasikia kwamba mahabusu kuna baridi. Alitia mswaki mfukoni. Alimwachia mkewe saa yake ya mkononi kwa macho ya kuagana, na mkewe akaiweka juu ya kabati akaendelea kufagia.

Sajini alikuwa anachapa ripoti kwa vidole viwili. Mwalimu Breki akasimama mbele ya meza akamwaga kila kitu, baa, peremende, usingizi, mfuko, mguu. Sajini hakuacha kuchapa. Mwalimu alipomaliza alinyoosha mikono yote miwili mbele, kwa ajili ya pingu.

"Shusha mikono," sajini akamwambia. "Harufu yako niliisikia kabla sijazima pikipiki."

"Sasa mbona hukunipima?"

"Kwa kifungu gani? Mimi napewa ruhusa ya kumpima mwenye usukani. Wewe, kwa sheria iliyopo, ulikuwa abiria."

Abiria. Mtu aliyefundisha nusu ya mji kuendesha, mtu mwenye pedali zake binafsi, anaambiwa abiria. Hasira zikampanda. Akaanza kubisha. Akasema mwalimu hawezi kuwa abiria, mwalimu ndiye mkuu wa chombo, ana breki, ana klachi, akitaka gari linasimama, na mfano ni huo hapo, si alilisimamisha? Alipiga meza. Alinyoosha kidole juu. Na katikati ya kunyoosha kidole akatambua kwamba hotuba anayoitoa ni ile ile aliyokiandikia chama, ila imegeuzwa nje ndani. Akashusha kidole.

Sajini akamweleza mambo yalivyo. Kumshtaki kwa ulevi haiwezekani, pombe ilishatoka mwilini na sheria haimgusi. Kumsafisha mkunga inawezekana, ila mkunga mwenyewe ameandikisha kwamba huenda ni mguu wake, kwa hiyo ni lazima aje abadilishe maelezo, na ili aje ni lazima kwanza aambiwe ukweli.

"Na aambiwe na wewe," alisema. "Hicho kifungu unachokitafuta kipo kwenye muswada. Nasikia kuna msemaji hodari sana anakwenda kukipinga."

Mwalimu Breki akaondoka na mswaki wake.

Kutoka kituoni mpaka kwa mkunga si mbali, lakini siku hiyo aligundua maduka mengi ambayo hakuwahi kuyaona, akasimama kutazama bei za ndoo, akasalimiana na watu asiowajua. Mkunga alimkuta amesimama nje ya mlango bila kubisha hodi. Akamkaribisha. Safari hii mwalimu alikataa kukaa. Akasema yote akiwa amesimama, akiangalia mto ulioegemeza plasta, na alipofika kwenye neno alilomwambia sajini barabarani, lile la hutokea, akalisema haraka haraka, akalazimika kulirudia.

 Mkunga akainamisha kichwa akautazama mguu wake wa kulia, ule wa kwake, uliokuwa umevaa ndala.

"Kwa hiyo sikukosea?"

"Hukukosea. Ulikuwa unaendesha vizuri kuliko mtu yeyote niliyemfundisha."

Machozi yakamtoka mkunga, na kwa muda kidogo yalikuwa ya furaha kabisa, hilo Mwalimu Breki aliliona, na ndilo lililomchoma kuliko matusi. Baadaye furaha ikaisha ikaja hasira. Mkunga alisema alisikia harufu pale pale alipopanda gari. Kazi yake ni ya pua pia. Anaingia chumbani anajua kabla hajaambiwa. Alisikia, akataka kusema, akanyamaza kwa sababu yule ni mwalimu na mwalimu haulizwi. Alisema hilo ndilo kosa lake, na hilo hamwachii mtu. Kisha akamwomba atoke nje, na akamwomba kwa adabu. Asubuhi iliyofuata alikwenda mwenyewe kituoni.

Siku ya kamati ukumbi ulijaa. Wenye mabaa walikaa upande mmoja, wamepiga suti. Walimu wa udereva walikaa mstari wa mbele na kofia zao mpya zenye maandishi, MWALIMU SI DEREVA, na Mwalimu Breki alipewa kubwa kuliko zote. Alijaribu kumweleza mwenyekiti wa chama kwamba hotuba imebadilika kidogo. Mwenyekiti akampigapiga mgongoni, akasema yeye anaaminika, apige tu. Wakaita jina la chama. Akapanda. Kipaza sauti kilikuwa kirefu kwake, akakishusha, kikalia, watu wakaziba masikio.

Alianza vizuri, Mungu anisamehe. Alisema waheshimiwa, mwalimu wa udereva haendeshi, mwalimu amekaa. Wenzake wakapiga makofi. Alisema mtu aliyekaa anapimwa nini. Makofi tena. Ilibaki hoja ya mtoto mchanga, na ukumbi mzima ulikuwa unaisubiri bila kujua. Akafungua mdomo. Hapo akakumbuka mtoto mwenye shati jeupe, yule ambaye hakuwepo, na mkono wa mkunga, ambao ulikuwepo.

"Waheshimiwa," akasema, "hotuba hii niliiandika vizuri sana, na niliifanyia mazoezi nikiwa nimelewa."

Kicheko kikapita ukumbini, wakidhani ni mbwembwe zake. Akavua kofia. Akawasimulia. Hakujipendelea, alijichora na peremende zake na miwani yake, amejificha na upepo kama mwizi wa kuku, na sweta la mahabusu nalo alilitaja, na mswaki. Watu walicheka mpaka pale aliposema kilichompata mkunga kwenye mkono. Alisema kwamba yeye ni mtu wa ajabu, amevunja mkono wa mtu kwa mguu wake, akaenda polisi kujisalimisha, akaambiwa yeye ni abiria, nenda nyumbani.

Msemaji wa wenye mabaa akaomba nafasi. Akasema tusitiane hofu, kila mtu anajua bia moja haina neno.

"Hata mimi nilikuwa nasema hivyo," Mwalimu Breki akajibu. "Sasa mimi sijui ni ya ngapi iliyonionyesha mtoto. Labda ya kwanza, labda ya mwisho. Nilishapoteza hesabu. Ndugu zangu, mtu akishaanza kunywa ndiye huyo huyo mnayemwachia ahesabu. Andikeni sifuri. Hiyo hata mlevi anaiweza. Na mwalimu mpimeni kabla ya mwanafunzi, kwa sababu mwanafunzi anasikia harufu na anaona haya kusema."

Mwenyekiti wa kamati akauliza kama anajua maneno yake yanaingia kwenye kumbukumbu za bunge. Akasema anajua, na kama kuna nafasi, waongeze kwamba zulia la sebuleni kwake limetoboka. Aliposhuka, mwenyekiti wa chama alikuwa anamsubiri chini ya ngazi. Kofia akaichukua. Hotuba akamwachia.

Muswada nao ulikwenda kwa mwendo wake, na mpaka leo wanasema uko bungeni unasomwa. Shtaka la mkunga lilifutwa, ruhusa yake ikarudi. Wanafunzi wa Mwalimu Breki walipungua, kama unavyotegemea, na wenzake waliacha kumwalika popote penye meza. Siku nyingi alikuwa anaosha gari la kujifunzia ambalo halijachafuka. Plasta ilipotolewa, mkunga alikuja shule ya udereva akasema anataka kumaliza masomo yake. Mwenye shule akampa orodha ya walimu wazuri. Akasema hapana, anamtaka yule yule aliyemharibia.

Akaingia kwenye kiti cha dereva. Mwalimu Breki akaingia upande wake, amejikunyata, hana miwani, hana peremende. Mkunga akafunga mkanda, akaangalia vioo, lakini ufunguo hakuugusa.

"Pumua," akasema.

"Naam?"

"Nipumulie. Hapa."

Mwalimu Breki akasogea akampumulia, mtu mzima na mvi zake. Mkunga akanusa. Akamwambia arudie. Akarudia, akiwa anajiona kituko, na akakubali kuwa kituko. Mkunga akatikisa kichwa kukubali, akawasha. Tangu siku ile hakuna mwanafunzi wa Mwalimu Breki anayegusa ufunguo kabla mwalimu hajapumua, na yeye huwaambia wapya kwamba darasa la kwanza la udereva ni la pua.

Wakapita shule, wakapita gereji, wakauzunguka mzunguko. Pale kilipotua kitanda mguu wa mwalimu uliinuka wenyewe, akaushika gotini kwa mikono miwili, akauteremsha. Mkunga aliona, akarudisha macho barabarani. Waliendelea mpaka kwenye njia ya zahanati, pale penye kona kali ya kuingilia getini, ambapo lile gari jeupe lilionekana chini ya kibanda. Mkunga akapunguza mwendo, akaanza kukata. Mkono wa kulia ukavuta. Wa kushoto ukafika mahali ukagoma. Alijaribu tena, akauma mdomo, kifundo hakikugeuka, na gari lilikuwa linaelekea kwenye nguzo ya geti. Akakanyaga breki mwenyewe, taratibu, kama alivyofundishwa.

Walikaa hapo kidogo, injini inanguruma.  

"Mwalimu," mkunga akasema bila kumtazama, "nisaidie mkono."

Akanyoosha mkono akashika usukani, karibu na ule mkono wa kushoto uliokataa. Ndiyo, sasa alikuwa dereva, hata kwa sheria ile ile ya zamani. Mkunga akaachia breki, na wakaivuta kona ile pamoja, polepole, mpaka getini.